Wageni Watano Wakija Wanane

Pantoni ya Barra ilipong'oa nanga kuelekea Banjul, Nyima alimkaza mtoto mgongoni akafungua daftari. Jioni ile alikuwa na mtihani wa shule ya jioni, na swali moja lilikuwa limemshinda kabisa: kodi iliyokusanywa ikizidi makisio ya bajeti, hiyo ni sifa au ni kosa?

Kando yake karani wa kodi alikuwa akimtambia muuza samaki. "Mama, mwaka huu tumeyapita makisio!"

"Mwanangu, mimi nikikisia wageni watano wakaja wanane, siringi. Najua nilikosea hesabu."

"Lakini wageni wetu wamekuja na mchele wao."

"Wamekuja? Mmewafuata majumbani, na sufuria mkabeba!"

Karani alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Haya, tulikisia kwa tahadhari."

"Tahadhari, au mlichagua mpinzani mfupi wa mieleka, sasa mnapiga ngoma?"

Pantoni iligusa gati, wakashuka bado wanabishana. Nyima alikuwa ameyaandika yote, hata ule mchele. Alimpigapiga mwanawe mgongoni. "Twende, baba. Asubuhi mama hakuwa na jibu, sasa anayo mawili."