Eliufoo Zephania Msuya, Aliyezisoma Rangi kwa Namba

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni kaka yangu. Mimi ni Ernesta, mdogo wake, na nimeonywa nisiwachekeshe sana.

Eliufoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Ugweno, kwa Mzee Zephania na Mama Blandina. Utotoni alitutia hasara: alichuma kahawa mbichi pamoja na mbivu. Baba alimchapa akidhani ni ujeuri, kumbe hakuona tofauti ya nyekundu na kijani. Daktari alipoeleza, Baba alimwomba radhi mbele yetu sote.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari Same, kisha kompyuta Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1997.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Fortunata, akiwa amevaa soksi moja ya kahawia na nyingine ya kijani. Tangu siku hiyo wifi alimkagua mlangoni kila asubuhi.

Alifanya kazi katika maabara moja mjini Moshi. Huko kromosomu, nyuzi ndogo zinazobeba urithi wetu, zilitiwa dawa za kung'aa ili kila jozi iwe na rangi yake. Wenzake walizikagua kwa macho. Kaka, ambaye macho hayakumsaidia, aliandika programu ya kompyuta ya kupima mwanga wa kila kromosomu kwa namba.

Haya nayasoma kwa ridhaa ya wenyewe. Mwaka 2015 Ibrahimu na Mwanaasha wa Kisiwani walikuwa wamepoteza mimba nne, na ndugu wa mume walishamtafutia mke mwingine. Walipopimwa kwenye maabara hiyo, picha za kromosomu zao zilionekana safi kwa macho. Programu ikasema kromosomu mbili za Ibrahimu zimebadilishana vipande. Wenzake kaka wakasema imekosea.

"Rangi sizioni," kaka alijibu, "ila namba hizi nazisimamia."

Vipimo vipya vikathibitisha. Wataalamu wakawaeleza kuwa bado wanaweza kupata mtoto mwenye afya. Ibrahimu akawaambia ndugu zake, "Tatizo ni langu. Mwanaasha haendi popote." Mwaka 2017 akazaliwa Nasrin.

Kaka aliugua figo kuanzia 2022, akalalamikia uji wa hospitali zaidi ya maumivu. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, Fortunata akiwa amemshika mkono. Inaniuma sana.

Ameacha mama, mjane, mimi na watoto. Juzi Mwanaasha alinifuata jikoni msibani: "Dada, kwenye orodha ya watoto wake mtie na Nasrin." Nikauliza ukoo, hakuna aliyepinga. Basi watoto ni Anold, Eliaichi na Nasrin.

Mungu ampumzishe kaka yetu kwa amani.