Mama Jovin na Maharage Yasiyo na Chumvi

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Paskalina Sulle, tunayemwita Mama Jovin, anastaafu baada ya kuipikia shule yetu kwa miaka ishirini na saba. Klabu ya Afya imenipa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma mbele yenu. Naahidi kusema yote, hata la maharage, maana mwenyewe ameniruhusu.

Alikuja kutoka Sigino na mwiko wake mwenyewe. Makande yake hayajawahi kuungua, na aliyechelewa hakukuta sufuria tupu.

Mwaka jana alianza kugonga miimo ya mlango na kuviruka vikombe vya uji tulivyomnyooshea kutoka pembeni. Wengine walisema ni moshi. Wenye midomo mibaya walisema ni pombe. Hospitalini akaambiwa ana glakoma, yaani presha ya macho. Kwa kusikia presha, akaacha chumvi, akatuachisha na sisi. Wiki nzima tulikula maharage yasiyo na ladha ulimini, na matone ya macho aliyopewa yakakaa kabatini. Wavulana wa kidato cha nne walimwuliza kama na wao wamepimwa presha.

Mwalimu Romana wa biolojia ndiye aliyemweleza. Presha hii haihusu damu, iko ndani ya jicho. Haiumi. Huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na mara nyingi kuona hupungua kuanzia pembeni, kimyakimya. Kilichopotea hakirudi, matone hulinda kilichobaki. Tena hupita katika familia, kwa hiyo watoto nao wapimwe.

Mama Jovin akauliza, "Kwa hiyo chumvi nimeionea bure?"

Mchana huo maharage yalikolea.

Tangu hapo hakosi matone yake. Waliomshauri akae nyumbani asubiri giza aliwajibu, "Nastaafu jiko, sistaafu macho." Anakwenda kulima vitunguu Nakwa. Basi mtu asije hapa na uso wa msiba. Hatumuagi kipofu, tunamuaga mpishi.

Shikamoo, Mama, na asante kwa kutushibisha. Mungu akupe mavuno mema, na uyaone mwenyewe.

Limebaki moja. Mwanawe, fundi pikipiki pale Nangara, hataki kupimwa kwa sababu anaona vizuri. Mama yake naye aliona vizuri, mpaka vikombe vyetu vilipompotea. Kaka Jovin, umekaa hapo mbele na sote tunakutazama: unakwenda lini?