Daftari la Saba: Wasifu wa Marehemu Lea Naftali Chediel (1960–2025)

Kabla ya yote, familia inawaomba waombolezaji uvumilivu. Wasifu huu ni mrefu kidogo kuliko tulivyozoea, na una mahali ambapo baadhi yetu tutainamisha macho. Marehemu alisomewa mara mbili mwezi Mei na mwanawe wa kwanza, Alute, ambaye ndiye anayeusoma leo. Alute aliomba aya mbili zitolewe. Mama yake akamwambia aendelee kusoma.

Lea alizaliwa tarehe 14 Machi 1960 huko Mtinko, mtoto wa kwanza wa Mchungaji Naftali Chediel na mama Esta. Baba yake alijulikana kwa mahubiri mafupi na kalamu isiyopumzika. Aliandika nyimbo za kwaya, hadithi za watoto, michezo ya Krismasi, na barua ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu. Karatasi zilijaa hadi uvunguni mwa kitanda. Mama Esta alizoea kuwaambia wageni kwamba ameolewa na mwanamume mmoja na masanduku sita.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mtinko kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Hesabu zilimshinda na hakuona haya kulisema, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba baba yake alimfanya mnakili wake. Mchungaji alitembea huku na huku sebuleni akisema, Lea akiandika. Siku moja alipewa hadithi ya mbuzi aliyechinjwa kwa ukaidi wake. Akamhurumia mbuzi, na katika nakala safi akamwacha hai. Mchungaji aligundua akiwa tayari mbele ya watoto wa Shule ya Jumapili. Alimtazama binti yake juu ya miwani, kisha akaendelea kusoma. Mbuzi yule yu hai hadi leo, na hadithi yake imehifadhiwa maktaba.

Mwaka 1979, Lea akiwa na miaka kumi na tisa, alipata ujauzito kabla ya ndoa. Kwa utaratibu wa usharika wa wakati ule, mwenye kosa hilo alitengwa na meza ya Bwana, na jina lake lilisomwa ibadani na mchungaji. Mchungaji alikuwa baba yake. Jina lilisomwa Jumapili ya tarehe 12 Agosti, Lea akiwa ameketi benchi la tatu. Alipotoka nje, wenzake wa kwaya walishika njia ya upande wa pili wa uzio. Jina la mwanamume halikusomwa, na ilielezwa kwamba binti amekataa kumtaja. Ukweli ni kwamba alikuwa amemtaja kwa mama yake. Kwa miaka yote iliyofuata aliamini kwamba mama alilimeza jina lile, na kwamba baba hakujua.

Alute alizaliwa tarehe 3 Desemba mwaka huo. Lea alirudishwa kundini mwaka 1981. Baba yake aliendelea kumtunza yeye na mtoto, lakini hakumpa tena karatasi ya kunakili hata moja, wala hakulizungumza jambo lile hadi alipofariki mwaka 1994.

Baada ya kurudishwa kundini Lea alijifunza ushonaji mjini Singida, akawa fundi cherehani kwa miaka zaidi ya thelathini. Majoho mengi ya kwaya mnayoyaona hapa leo yamepita mikononi mwake. Hakupenda kuharakishwa, na mteja aliyempigia simu mara mbili kwa siku alijua kwamba nguo yake imesogezwa nyuma ya foleni. Mwaka 1986 alifunga ndoa na Bwana Antipasi, mkulima wa alizeti wa Ihanja, mtu mpole aliyempokea Alute kama wa kwake. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Winfrida na Febronia. Bwana Antipasi alifariki mwaka 2009, na Lea akahamia hapa Unyambwa, katika nyumba ambayo wazazi wake walijenga baada ya kustaafu. Karatasi za baba yake alizikuta zikimsubiri.

Alizitunza kama alivyojua. Aliweka majani ya mwarobaini kwenye masanduku, akaanika barua juani kila baada ya mvua, na ili zisitawanyike, akazishona. Alizipanga kwa miaka, akapitisha kila fungu kwenye cherehani, mshono mmoja pembeni, uzi mweusi. Mwaka 2013 mdogo wake, Mwalimu Stanley, alipoishawishi familia kuzikabidhi karatasi hizo kwenye maktaba moja ili zihifadhiwe, alikuja mtumishi wa nyaraka aitwaye Happiness Mazengo. Happiness alifungua sanduku la kwanza, akaona mishono, akakaa chini. Hakumcheka wala kumkaripia. Aliomba wembe. Kwa siku nne wanawake hao wawili walikaa mkekani wakifumua uzi, Happiness akimfundisha kufuta vumbi kwa brashi laini na kuandika namba kwa penseli, Lea akimsimulia habari za Mtinko. Alianza kumwita mwanangu, na Happiness akamwita mama.

Siku ya nne waliandika orodha. Yalikuwapo madaftari kumi na mawili ya kumbukumbu za Mchungaji. Kwenye la saba Happiness alisoma jalada kwa sauti: mwaka 1979, kazi na nyumbani. Lea alitia sahihi kwenye orodha. Asubuhi ya kupakia, Happiness akiwa nje na dereva, Lea alifungua sanduku, akatoa daftari lile bila kulisoma, akalifunga kwenye kipande cha kitambaa cha joho na kulisukuma chini ya droo ya cherehani. Alijua lina nini. Lina aibu yake, na wasomi wa kesho wataisoma.

Maktaba walipofungua masanduku walikuta madaftari kumi na moja. Mwalimu Stanley alikasirika, akaandika barua kali kwamba mtumishi aliyesimamia kazi hiyo amepoteza au ameuza mali ya familia. Kabla ya kuituma aliisoma mbele ya dada yake, na dada yake akasema, "Tuma." Happiness aliondolewa kwenye nyaraka, akawekwa mapokezi kugonga mihuri kwenye kadi za wasomaji. Alirudishwa kwenye kazi yake baada ya miaka minne, lakini barua ile imebaki kwenye faili lake. Kila Krismasi aliendelea kumpigia Lea simu na kumwamkia. Lea aliitikia marahaba, akakata simu mapema.

Kisukari kilimwanza mwaka 2018. Kufikia mwisho wa mwaka jana kilikuwa kimechukua macho yake, na figo zikaanza kusumbua. Mwezi Januari, baada ya kifungua kinywa, alimwomba Alute achomoe droo ya cherehani na kumsomea kilicho chini yake. Alikuwa amejiandaa kusikia anavyolaaniwa. Mchungaji Naftali alikuwa ameandika hivi jioni ya tarehe 12 Agosti:

"Leo nimesoma jina la Lea mbele ya usharika, na sauti haikutetemeka. Esta alinitajia mwanamume wiki tatu zilizopita. Ni mwinjilisti wangu. Badala ya kumtaja nimemhamishia mtaa mwingine kimya kimya, kwa kuwa kanisa la kule halijaezekwa na yeye ndiye fundi. Nimepata paa. Mtoto wangu nimemwacha abebe peke yake, nami nitaona haya kumtazama mpaka nife."

Chini yake liliandikwa jina la mwinjilisti huyo. Ndivyo Alute, akiwa na miaka arobaini na mitano, alivyosoma jina la baba yake mzazi kwa mara ya kwanza, kwa sauti yake mwenyewe. Familia haitalitaja hapa. Mwenyewe alishafariki na ana watoto.

Lea aliiacha chai yake ipoe. Alute alidhani mama analia kwa ajili ya Mchungaji, akaanza kumfariji. Lea akamkatiza. "Nimemfanyia Happiness kile kile," alisema. "Mimi niliyekaa kwenye lile benchi. Nilijua uchungu wake, na bado nikamwambia Stanley atume."

Aliona haya kupiga simu hadi mwezi Machi. Happiness alikuja Jumamosi moja, akamwamkia shikamoo kama kawaida. Lea hakuitikia. Alimwambia kwamba daftari halikupotea, kwamba alikuwa nalo siku zote. "Mama," alisema Happiness, "hata mume wangu aliniuliza kama kweli nililiuza." Hakusema amesamehe, na familia haitaweka neno hilo kinywani mwake. Aliliangalia daftari, akasema lisitiwe kwenye mfuko wa plastiki, lifungwe kwa pamba safi mpaka atakapolichukua. Lea alimwomba alichukue siku ya mazishi yake, mbele ya watu wote.

Mwezi Aprili Lea aliweka dole gumba kwenye barua kwa uongozi wa maktaba, akiomba ile ya kwanza ifutwe. Mwalimu Stanley ametia sahihi pembeni, na ndiye aliyeomba aya inayomhusu isomwe kama ilivyo. Tangu mwanzoni mwa Juni hali ya Lea ilibadilika, na alifariki hospitalini mjini Singida asubuhi ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025.

Marehemu ameacha watoto watatu, Alute, Winfrida na Febronia, wajukuu saba, mdogo wake Mwalimu Stanley, na wote waliovaa alichoshona.

Kuna agizo moja limebaki. Jina lake lilisomwa ibadani mwaka 1979 na watu wakainama. Aliagiza kwamba leo, kabla ya kushushwa, jina jingine lisomwe kwa sauti ile ile, ili kila aliyewahi kulinong'ona alisikie. Happiness Mazengo hakupoteza kitu. Happiness Mazengo hakuuza kitu. Ameketi benchi la tatu, na Alute anaomba apite mbele apokee daftari.

Bwana ampokee mtumishi wake Lea, naye alale kwa amani.