Jogoo wa Mtani

BARTOLOMAYO: Haloo? Nani mwenzangu?

ANTONIA: Ni mimi, Antonia. Mke wa Yotham.

BARTOLOMAYO: Shemeji! Nilikuwa nataka... Pole, shemeji. Pole sana.

ANTONIA: Nimeshapoa. Mwili wake umefika toka Dodoma mchana huu. Tunazika kesho, hapa hapa Mpwapwa. Uko wapi?

BARTOLOMAYO: Niko Iringa. Shambani huku mambo – [mikwaruzo] – mahindi –

ANTONIA: Sikusikii.

BARTOLOMAYO: Nasema nimebanwa! Sijui kama nitawahi.

ANTONIA: Haya.

BARTOLOMAYO: Hukasiriki?

ANTONIA: Sisikii kitu moyoni, shemeji. Tangu waliponipigia kwamba kaanguka mahakamani na joho lake, kasimama anaomba kesi iahirishwe... Nimekalishwa kwenye godoro. Watu wanaingia, wananikumbatia, wanalia. Mimi ndiye nawabembeleza.

BARTOLOMAYO: Hujalia?

ANTONIA: Machozi hayaji. Leonard, mdogo wake, kaandika wasifu, katusomea. Kazaliwa, kacheza beki timu ya mkoa, goti likaharibika, kasoma sheria, kawa wakili, kafa. Eti "mpole na mnyenyekevu".

BARTOLOMAYO: Yotham? Mnyenyekevu? Mimi nilikuwa golini nyuma yake, alikuwa anabishana na refa mpaka –

ANTONIA: Mpaka?

BARTOLOMAYO: Basi tu.

ANTONIA: Sema.

BARTOLOMAYO: Siwezi, shemeji.

ANTONIA: Wewe ndiye mtani. Yeye Mgogo, wewe Mhehe. Alipokufa baba yake, nani aliruka kaburini na njumu miguuni, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo? Hata mchungaji alicheka.

BARTOLOMAYO: Yotham ndiye aliyenivuta mkono. "Toka humo, mla mbwa wewe, umwachie mzee nafasi!"

ANTONIA: Sasa wanachimba la kwake. Wanauliza mtani anakuja au –

[Sauti ya utingo nyuma ya Bartolomayo: "Kibakwe! Kibakwe, wawili wa mwisho!"]

ANTONIA: Bartolomayo.

BARTOLOMAYO: Naam.

ANTONIA: Magari ya Kibakwe, hapo jirani yetu, siku hizi yanapakilia Iringa?

BARTOLOMAYO: Aa... shemeji...

ANTONIA: Uko stendi hapa.

BARTOLOMAYO: Niko kwa mama ntilie. Tangu asubuhi.

ANTONIA: Na nyumba unaijua.

BARTOLOMAYO: Naijua, shemeji. Nimenyanyuka, nimekaa. Nimenyanyuka tena, nimekaa. Nikija nitamkuta kalala pale, nimtukane, asijibu. Yule ukimpa neno moja anakurudishia matatu. Utani wa mtu mmoja si utani. Ni matusi tu.

ANTONIA: Sikiliza, vocha yangu inaisha. Hapa kila mtu anamsifu. Huyo wanayemsifu mimi simjui, nitamliliaje? Njoo umtukane, nijue aliyekufa ni nani.

BARTOLOMAYO: Mle kaburini nikiingia kesho, nani atanivuta?

ANTONIA: Mimi. Nitatoa jogoo.

BARTOLOMAYO: Jogoo mmoja?

ANTONIA: Mmoja.

BARTOLOMAYO: Wakili mzima, jogoo mmoja? Wagogo nyie, kazi kuomba tu! Huyu kaanza kuomba uwanjani, "naomba pasi, naomba penalti". Goti likamshinda, akaenda chuo kikuu kusomea kuomba! "Naiomba mahakama yako tukufu!" Juzi kaomba ahirisho, hata hakusubiri ajibiwe, kaondoka zake! Halafu mnaniletea jogoo –

ANTONIA: [anacheka]

BARTOLOMAYO: Shemeji?

ANTONIA: Hakusubiri... hajawahi kusubiri kitu, yule... [anacheka] Ndiye huyo. Ndiye... uwii, Yotham...

BARTOLOMAYO: Shemeji, unalia?

ANTONIA: Njoo. Panda bodaboda uje sasa –

BARTOLOMAYO: Nakuja. Ila jogoo sitaki. Beberu! Bila beberu nalala mle mle –

ANTONIA: Beberu wa nini, mla mbwa wewe! Tangu lini Mhehe akaacha –

[Simu inakatika.]

BARTOLOMAYO: Haloo? Akaacha nini? Shemeji? Haloo? ... Wee! Wewe bodaboda! Washa, twende msibani.