Msimwambie Dolphine "Iko Sawa"

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi yetu, Mchungaji Fanuel na Mama Mchungaji, fundi Elkana mwenye gereji hii, ndugu madereva, akina mama wenzangu wa samaki mliotoka Homa Bay alfajiri, na wageni wote, mliopata viti na mliosimama juani: hamjambo? Afya zenu? Waliolala na homa wiki jana wameinuka? Mgongo wa Mchungaji je? Nauliza kwa kweli. Msinijibu "nzuri tu" kwa mazoea, maana hiyo "nzuri tu" ndiyo iliyonisimamisha hapa.

Jina langu Filister, wengi mnaniita Mama Walter. Shule niliishia darasa la saba, na mambo ya injini siyajui. Ninachojua ni samaki, na pikapu inayowaleta hapa Suna, na dereva wake, shemeji yangu Cephas, yule anayejificha chini ya kofia. Cephas, toka huko, leo ni siku yako.

Dolphine, binti wa Elkana, ametengeneza kisanduku. Kinakaa chini ya boneti, kinashikana na nyaya za injini, na kazi yake ni kuiambia injini inywe diseli zaidi kidogo, ili gari lililochoka lipande mlima kama kijana. Kabla ya kukiuza akawapa madereva wetu wakijaribu na mizigo yao ya kila siku, kwa barabara ya Rangwe, penye ule mlima mnaoujua. Waliporudi akawachinjia kuku, akawauliza hapa hapa gerejini.

"Mzee Cephas, gari iko aje?"

"Dolphine nyathina, mtoto wangu, hiyo si gari tena, ni ndege! Pale mlimani nilikuwa naibembeleza ipunguze!"

"Maroa, na lori lako la mahindi?"

"Iko sawa."

"Nyakundi?"

"Iko sawa kabisa. Mungu ni mwema!"

Na sisi wote: "Kila wakati!"

Dolphine akachukua bisibisi, akafungua kisanduku cha Cephas mbele yetu. Ndani hamkuwa na kitu, wapendwa. Hewa tupu! "Vingine niliacha vitupu makusudi," akasema, "nijue kama nguvu inatoka kwa kisanduku au kwa midomo yenu."

Cephas akakuna kichwa. "Basi ni maombi ya Mama Walter."

Tulicheka mpaka mchuzi ukamwagika. Dolphine hakucheka. Alikwenda kwa lori la Maroa, ambalo kisanduku chake kilikuwa kizima, akainua boneti. Mpira wa redieta ulikuwa umevimba, na maji yenye kutu yamerukia kila mahali.

"Hii ilichemka?"

"Kidogo tu, dada. Pale mlimani. Niliweka jiwe nyuma ya tairi, nikaongeza maji, tukaendelea."

"Tukaendelea na nani?"

"Na Rael mke wangu. Na mtoto."

"Na ukaniambia iko sawa?"

Maroa akainama. "Dada, nimekula kuku wako. Nitakuambiaje chumvi imezidi?"

Ndugu zangu, yule binti alisema neno ambalo halijanitoka. "Mkiniambia iko sawa, nitauza. Nikiuza, mlima ndio utasema ukweli, na mlima hauna haya na mtu."

Nyumbani nilimuuliza Cephas kwa upole, ulidanganya? Akaapa hakudanganya, nguvu aliisikia, kwa mguu wake mwenyewe. Mimi mpaka leo najiuliza: mguu wa mtu unasikiaje kitu kisichokuwepo? Ni furaha? Ni kutaka mtoto wa jirani afaulu? Halafu nikajiuliza la pili, Mchungaji nisamehe. Ibadani tunasimama kutoa ushuhuda, na kila ushuhuda ni mtamu. Ni nani amewahi kuja mbele akasema, niliomba, sijapona bado? Nafikiri mtu huyo Mwenyezi Mungu angemsogelea karibu zaidi.

Dolphine amekirudia kisanduku chake. Amepunguza diseli, na ameongeza kitu cha kukizima chenyewe joto likipanda. Je, kimepona? Yeye mwenyewe anasema hajui. Watu wa Kisii wanapiga simu wanakitaka, bango hapo juu limeandikwa UZINDUZI, na binti huyu wa juzi anaweza kusema "sijui"! Mnijibu, ni wangapi hapa tunaweza?

Kwa hiyo Mheshimiwa, kwa heshima yote, mkasi huo naomba urudi mfukoni. Leo hakiuzwi hata kimoja. Elkana alitakiwa akuambie kwa simu, lakini ulipomuuliza mipango inaendeleaje, naye alijibu iko sawa! Usimkasirikie. Ndiyo sisi.

Utepe tutauacha hapo umefungwa. Madereva, kila mmoja wenu ataondoka na kisanduku. Vingine ni vizima, vingine ni vitupu, na anayejua ni Dolphine peke yake. Ukisikia nguvu, sema. Usiposikia kitu, sema husikii kitu. Gari likitoa moshi, likichemka, likinuka, usimwonee haya Dolphine. Kuku atamla nanyi tena, hata mkimletea habari mbaya.

Maroa ameomba apewe cha kwanza. Rael atapanda naye tena mlima ule, mtoto tutabaki naye sisi, na wamekubaliana kwamba safari hii jibu atatoa Rael. Rael, mama yangu, wewe hukula kuku wa mtu.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu, na Mungu awafikishe salama. Zamu yetu sasa ni kuwasikiliza ninyi madereva. Tafadhali, mtujibu mapema.