Mama Mwezi Huu na Mashuka ya Mwaka Mzima

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Mama Mwezi Huu anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake halisi limo kwenye barua za utumishi. Humu ndani hata mganga mkuu humwita hivyo, naye huitika.

Alianza akiwa karani katika chumba kidogo kando ya stoo ya dawa, akapanda hadi kusimamia bajeti. Jina la utani alilipata ilipokuja programu ya kuonyesha hesabu kwenye skrini. Yeye ndiye aliyeweka kichujio, ili mkuu wa kitengo akifungua aone hesabu za mwezi huu tu. Kilipendeza, ila kilichuja matumizi na kuisahau bajeti. Matumizi yakawa ya mwezi mmoja, bajeti ikabaki ya mwaka mzima.

Hospitali nzima ikajiona tajiri. Msimamizi wa kufulia, ambaye sote tunamwita Dobi, alitazama skrini, akamshukuru Mungu, akaagiza mashuka. Yalijaza stoo yakamwagikia kwenye korido. Wauguzi wakamtania kwamba sasa atafute na wagonjwa wa kuyalalia. Utani ulikoma iliposikika kwamba barua ya kumfukuza kazi inasubiri saini tu. Dobi alikuwa na watoto watatu shuleni.

Hakuna aliyeuliza habari za kichujio, na Mama angeweza kunyamaza. Badala yake aliingia kikaoni bila kuitwa, akawasha skrini mbele ya wakubwa na kuwaonyesha kosa lilipo. Dobi, aliwaambia, alisoma alichowekewa. Kama kuna wa kufukuzwa, basi waanze na aliyeweka. Barua haikutoka. Jioni hiyohiyo aliunganisha bajeti na matumizi kwenye kalenda moja, vyote vionyeshwe kwa mwezi.

Tangu hapo, kila mwezi ukianza, skrini hujigeuza yenyewe kuonyesha mwezi mpya, lakini yeye hakuiachia kazi yote. Alipita kufulia, jikoni na maabara akiuliza nini kimenunuliwa na hakijaingia kwenye hesabu. Mwezi mchanga, alipenda kusema, ni kama mgeni aliyesimama mlangoni: usimsifu wala kumlaumu kabla hajatua mzigo.

Baadhi yetu tulikuja hapa tukidhani ni kwa muda, tukaishi miaka mingi tukiusubiri mwezi ujao. Kukaa karibu naye kulitufundisha kuutazama mwezi tuliomo.

Kitambaa cheupe kilichotandikwa mezani leo ni shuka mojawapo la shehena ile. Dobi amelipiga pasi kwa mkono wake na kukataa kusaidiwa. Sherehe ikiisha, Mama, ni lako.

Asante kwa kusimama siku ile. Mwezi ujao skrini itajigeuza bila wewe, nasi tutapita kufulia kuuliza. Nenda ukapumzike, na kila mwezi mpya ukukute na afya, furaha, na watu wa kukubishia hodi.