Gwaride la Afande Oola

Mmepotea mno. Nasema na ninyi mliojifunza kazi katika chumba chetu cha Wandegeya, juu ya maduka ya kuchapisha, mkapata vyeo huko mlikopata, mkasahau njia. Imebidi mtu astaafu ndipo nisikie viatu kwenye ngazi na sauti kumi zikisema "ni sisi". Haya, kaeni. Chai ipo. Someni habari za Oola mkiwa mmetulia. Mimi kalamu sikufundishwa. Nasema, Moreen anaandika, na nimemkataza kuninyoosha maneno.

Bwana Santo Oola ametumikia ofisi hii miaka ishirini na mitatu, na Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, anastaafu. Mimi namzidi umri na bado nachemsha chai, lakini sitaki kugombana naye siku ya sherehe yake.

Alizaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, mtoto wa sajenti. Alianza kwa kuchora ramani za nyumba kwa wino na rula, vidole vina madoa ambayo sabuni iliyashindwa. Kompyuta zilipoingia, wenzake wa rika lake walisema hiyo kazi ya watoto, wakaenda zao. Yeye alikaa na hao watoto, akauliza, akachekwa, akajua. Zile nyumba zinazong'aa kwenye mabango ya Kansanga kabla tofali la kwanza halijalala chini, nyingi zimepita mikononi mwake. Vijana husema kompyuta inapika picha. Basi tulikuwa wapishi wawili, mimi na yeye, na chakula changu kiliiva upesi zaidi.

Kwa hao mliokuja nao, nieleze kidogo. Picha ya nyumba ndani ya kompyuta si kitu kimoja. Ni maelfu ya vitu, milango, miti, viti, mabomba, na kila kimoja kina jina. Ukitaka kuficha miti yote ili uone ukuta, huwezi kuifuata mmoja mmoja. Kuna mahali pa kuchujia: unaandika mti, unamalizia kwa alama ya nyota, na kila kitu ambacho jina lake linaanza na mti kinajipanga mbele yako. Nyota maana yake ni: na wote wanaofuata. Ni kama kambini, mama anaposimama mlangoni akaita watoto wote wa nyumba ya fulani. Wanakuja wote, mwenye viatu na asiye na viatu. Na aliyehesabiwa nyumba isiyo yake, naye anakuja.

Hapo ndipo Oola alipoteleza, na simfichi, kwa sababu hapo ndipo nilipomjua.

Mama Lakica wa Kisugu, mjane wa polisi aliyeitwa Abwola, alikuja na watoto wake wakubwa. Walitaka kujenga kwao, upande wa Gulu, katika uwanja alimozikwa Abwola. Uwanja ulipigwa picha kutoka angani, na kaburi, likitazamwa kwa juu, lilifanana na bamba la jiwe. Msichana mmoja wetu akalipa jina la jiwe, pamoja na mawe yote yaliyotapakaa pale. Watoto wakataka waone uwanja ukiwa safi. Oola akaandika jiwe, akamalizia kwa nyota, akaficha. Hakutazama nyota imekamata nani. Picha ikaiva, na nyumba mpya na maegesho yake, ikapendeza, ikatumwa kwenye simu ya fundi mkuu kule Gulu, naye akaagiza tingatinga lije kesho yake kusawazisha.

Siku hiyo hiyo Mama Lakica akaja kuchukua picha yake ya karatasi. Aliitazama mpaka chai yangu ikapoa mkononi mwake. Pale pa kaburi palikuwa na maegesho ya magari, yamekaa vizuri kabisa. Ndipo akauliza, polepole:

"Oola, mume wangu mmemweka wapi?"

Msichana akaanza kulia. Mtu mmoja akaanza kueleza kwamba kosa ni la aliyetoa jina. Oola alimkata.

"Nyota niliiandika mimi."

Akampigia fundi mkuu. Simu haipokelewi. Akapanda basi la Gulu na shati lile lile la kazini.

Alikuta vigingi vimeshapigwa, kamba imekatiza juu ya kaburi. Akaving'oa kwa mikono yake, akakaa kando ya Abwola. Tingatinga lilipofika lilimkuta hapo. Dereva akamwonyesha simu: kwenye picha hapa hapana kitu. Oola akamjibu, mbele ya watu wa ukoo wa marehemu, kwamba picha hiyo ameitengeneza yeye, na ni ya uongo. Hakuna aliyemtuma kusema hivyo. Nyumba ikajengwa imejivuta pembeni kidogo, na mpaka leo Mama Lakica hutuletea simsim ya kusaga. Katika picha mpya, jina la kaburi alilitaja mama mwenyewe: Abwola, baba wa nyumba.

Aliporudi, Oola alituletea gwaride. Tangu siku ile hakuna anayeficha kitu kabla waliokamatwa na nyota hawajaitwa kwa sauti, mmoja mmoja. Yeye husimama nyuma ya kiti, akiita majina kwa sauti ya baba yake sajenti, na aliye kwenye kompyuta lazima akitafute kitu kwa macho ndipo aitikie: yupo, afande. Zubairi, mtani wetu, siku moja alikiitikia kiti kwamba yupo lakini mguu unamuuma. Oola akamwandika mgonjwa, akaendelea. Wateja walilalamika kwamba tunachelewa. Wakapewa chai.

Mimi nimekulia kambini. Najua inavyokuwa mtu akisimama na kusema ninyi wote, tokeni. Neno hilo ni jepesi mdomoni, na mzigo wake huubeba mwingine. Oola aliliwekea mlango.

Yule msichana ni Moreen huyu anayeandika. Kalamu imesimama, nimemwambia aendelee. Kuanzia Jumatatu gwaride ni lake. Oola mwenyewe amemchagua.

Oola mwanangu, asante. Nenda kwenye shamba lako, macho yako yazoee kutazama mbali. Mungu akupe magoti mazuri, na mke asiyechoka kukuona nyumbani mchana. Ukae salama, na siku zako ziwe tamu.

Na ninyi, mje tena kabla mwingine hajastaafu. Lakini msisimame kwenye ngazi mkaniambia "ni sisi". Huyo "sisi" simjui. Kila mmoja ataje jina lake, asubiri nimwitikie, ndipo aingie.